Anayeamka Nikisimama

Jumanne, 4 Februari

Sare za shule tangu asubuhi. Sketi za kijani. Malinda, malinda, malinda. Nilifunga leso tumboni kabla ya kuketi kwenye cherehani kwa sababu leo ameamka mapema. Kila nikikanyaga pedali anasukuma. Nikamshika kwa mkono mmoja na kushona kwa mwingine. Mafundi wengine wa soko la Shianda wangeniona wangenicheka hadi jioni.

Namwita yeye. Najua si mtu, ni henia. Mwaka juzi nilipasuliwa kutolewa mtoto, kidonda kikaoza, kikachukua miezi kupona, na kumbe kwa ndani hakikushikana. Ngozi tu ndiyo iliyofunga. Sasa nikisimama utumbo unatokea hapo, nikilala chali unarudi. Muuguzi wa zahanati alinieleza nikaelewa, mimi si mjinga. Lakini hapa ninaandika peke yangu, na hapa nasema ameamka, amelala.

Ijumaa, 7 Februari

Mvua ya kushtukiza. Nguo zote zililoa kwenye kamba.

Kukhu alikuwa nje kama kawaida. Ni mama mkwe wangu. Kukhu maana yake nyanya, Sheila binti yangu humwita hivyo, nami nikafuata. Kila asubuhi anabeba kigoda chake hadi nyuma ya jiko, chini ya paa, mahali jua halifiki hata mchana, anapukuchua mahindi yake hapo. Uwanja mzima una jua na yeye anataka unyevu. Sheila humtania kwamba siku moja ataota uyoga. Yeye hucheka tu na kuendelea.

Leo ameamka na kulala, kuamka na kulala. Nimechoka.

Jumapili, 9 Februari

Nimefanya jambo la kipumbavu. Au sikufanya lolote, na huo ndio upumbavu wenyewe.

Baada ya kanisa nilikuwa jikoni nasonga obusuma, ugali wetu. Joto. Nilikuwa nimefungua leso na kubaki na gauni jepesi. Akaanza kucheza. Ngozi pale ni nyembamba sana, anapopita unamwona, kitu kinajiviringisha kutoka kushoto kwenda kulia. Kukhu alikuwa mlangoni na sufuria ya mboga, mrenda. Akasimama. Akatazama tumbo langu. Uso wake ulibadilika, nikamwona jinsi alivyokuwa msichana.

“Mama Sheila,” akasema, “kumbe ni hivyo. Na unanifichanga.”

Niligeukia sufuria nikaendelea kusonga.

Alasiri Kukhu alichinja ingokho, kuku wake. Mume wangu, Baba Sheila, alitafuta firigisi kwenye bakuli, akachokora huku na huku, akaishia kuchukua paja. Firigisi ni ya mwanamume wa nyumba. Kila mtu hapa anajua. Kukhu alikuwa amenipa mimi, imefungwa kwenye jani la mgomba, nyuma ya mlango, kwa ajili ya huyo aliye ndani. Alishaamua ni mvulana.

Niliila. Ilikuwa tamu.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuna wateja. Niandike.

Yule wa mwaka juzi alikuwa mvulana. Kitovu kilimzunguka shingoni. Waliponipasua alikuwa ameshakwenda. Nilikuwa usingizini. Nilipozinduka chumba kilikuwa kimya, nikajua kabla ya kuambiwa. Sikumwona. Nilipata homa, nikabaki wodini, na nyumbani wanawake walimzika bila mimi. Mtoto wa namna hiyo hazikwi kwa matanga. Wanawake wachache, jembe, maneno mawili, basi. Hakuna aliyeniambia ni wapi. Haiulizwi. Niliporudi, udongo wa boma ulikuwa sawasawa kila mahali, au mimi sikujua kutazama.

Wala hana jina. Kwetu mtoto hulia kwanza. Akilia bila kukoma wazee wanaita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na lile analonyamazia ndilo lake, huyo ndiye aliyerudi. Wangu hakulia. Wangemwitia nini?

Nina hasira leo. Sijui na nani.

Jumatano, 19 Februari



Nilirudi nyumbani kutoka sokoni mapema, nikaketi kwenye mkeka ukutani kupumzika. Tumbo likaanza kunguruma. Kwa sauti, mtu wa mbali angesikia. Kukhu akaja akapiga magoti mbele yangu, na magoti yake yale mabovu. Akaweka kiganja juu yake. Kiganja cha baridi, kigumu.

Akaita, “Osundwa.” Ngurumo iliendelea.

“Wangatia.” Iliendelea.

Kisha, polepole, “Shiundu.”

Kimya. Kimya kabisa, chini ya mkono wake. Shiundu ni mume wake, aliyefariki Baba Sheila akiwa bado shuleni. Kukhu akalaza kichwa chake mapajani mwangu, akalia kama hajawahi kulia tangu siku hiyo.

Ni gesi. Gesi ilipita ikaisha. Najua, najua. Lakini nywele zilinisimama, na kwa muda nilisikiliza mimi pia kama ataitika.

Jumapili, 23 Februari

Kanisani. Wakati wa maombi wote walipiga magoti, mimi nikabaki nimesimama nimemshika kwa mikono miwili. Sikujiona hadi mke wa mchungaji alipotabasamu. Baadaye wawili walinipongeza. Mmoja aliniahidi nguo za mtoto wake, bado nzuri, hazina doa.

Nilisema asante. Nani ananisemea siku hizi?

Kinachoniogopesha ni kwamba nafurahi. Njiani nilikuwa natembea kama mjamzito, mkono mgongoni.

Jumatatu, 3 Machi

Baba Sheila anaendesha trekta la miwa. Jumamosi wakataji walimpongeza shambani, mbele ya watu wote. Alirudi nyumbani hataki chai. Yeye ndiye pekee anayelijua lile kovu. Tangu mwaka juzi akilala hugeukia ukuta. Nilidhani anachukia kuliona. Leo njiani kwenda Kakamega alisema, akitazama dirishani, kwamba kila akiligusa anakumbuka alivyotia sahihi wanipasue, akiambiwa watatuokoa wote wawili. Nilitaka kumshika mkono na sikumshika.

Hospitali ya mjini. Foleni ndefu, mabenchi magumu. Daktari wa upasuaji ni mwanamke, mdogo kuliko mimi, kucha fupi. Nikalala kitandani. Inua kichwa. Kohoa. Akaingiza vidole pale, akazungusha pembeni mwa shimo kwa upole, kama mtu anayepima kola. Shimo linaingia ngumi sasa. Anasema nyama za tumbo zimeachana na haziwezi kurudi zenyewe. Wakizivuta na kuzishona tu zitaachia tena, kwa hiyo wataweka neti kwa ndani, pana kupita shimo pande zote, na mwili utaota juu yake. Nilielewa mara moja. Kiraka kinachotoshana na tundu hakikai, lazima ukipitishe mpaka kwenye kitambaa kizima.

Anasema pia siku moja utumbo unaweza kukwama nje usirudi. Ukikwama unanyongeka, damu haifiki, unaoza. Watu hufa. Alinitazama machoni aliposema hivyo. Nimepewa tarehe kumi na saba.

Nikamuuliza, na hiki kinachochezacheza?

“Kitaisha chote, mama. Utasahau hata kilikuwepo.”

Alisema kwa wema. Nilisikia baridi hadi miguuni.

Jumanne, 11 Machi

Baba Sheila amemwambia Kukhu. Jana jioni wakati wa chakula, mkono bado kwenye obusuma. “Mama, hapana mimba hapa. Ni matumbo yake. Wiki ijayo wanamshona.”

Kukhu alinawa mikono yake bila kula, akatoka. Ningependa angenitukana. Leo asubuhi mvua ilinyesha na alikaa palepale nyuma ya jiko, gunia kichwani, hapukuchui, hafanyi chochote. Sheila alimpelekea chai. Ikapoa.

Mimi hanitazami. Nikipita anatazama ukuta. Nimemuua mume wake mara ya pili.

Jumatatu, 17 Machi

Sikuenda.

Baba Sheila alinisindikiza hadi steji na begi langu, akaniacha hapo kwa sababu trekta lilimngoja. Nikasubiri mpaka mlio wake ulipopotea kwenye miwa. Kisha nikabeba begi hadi sokoni, nikafungua cherehani, nikashona. Koti la mwalimu, zipu, mfuko wa ndani. Kazi safi kabisa.

Nilimwambia yeye, wa tumboni, alale tu, hakuna wa kumtoa. Nilisema kwa sauti, mteja akageuka.

Jumanne, 18 Machi

Nilimdanganya Baba Sheila kwamba wagonjwa walikuwa wengi, nikarudishwa. Ameamini. Akawalaumu madaktari njia yote ya kwenda kukoga. Huyo daktari wa watu hana kosa lolote.

Ninajichukia. Kisha yeye anacheza kidogo tumboni, nasahau kujichukia.

Ijumaa, 21 Machi

Amekataa kulala.

Nimelala chali tangu chai ya asubuhi, magoti juu. Harudi. Pamekuwa pagumu kama goti. Nimetapika, maji ya kijani. Nasukuma kwa kiganja jinsi muuguzi alivyonifundisha, naona nyota. Namwambia lala, baba, lala. Hasikii.

Hachezi tena. Kitu hiki si yeye. Naogopa

Jumatatu, 24 Machi

Wodini. Niko hai. Mwandiko mbaya kwa sababu siruhusiwi kuketi vizuri.

Nilikuwa nimeanza kulia ile Ijumaa bila kujua kwamba nalia kwa sauti. Kukhu akaingia. Mara ya kwanza kunikaribia tangu jioni ile alipoambiwa. Akafunua gauni. Ngozi ilikuwa imegeuka rangi, nyekundu inayokwenda zambarau. Akaweka kiganja. Nilingoja aite jina. Niliogopa ataita jina. Hakuita. Alisimama akakimbia hadi barabarani, Kukhu huyu wa magoti mabovu, akipiga kelele sijapata kuzisikia.

“Kuja! Kuja haraka! Hii kitu si mutoto, hii itaniulia mutoto wangu!”

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtoto anayemsema ni mimi.

Baba Sheila alikuwa shamba la pili kutoka kwetu, wakipakia. Aliacha trela na miwa yake katikati ya njia, akaja na kichwa cha trekta peke yake. Nilibebwa kwenye kiti, Kukhu akanishika kutoka nyuma, hadi lami ambako jirani alitupeleka mjini kwa gari lake. Kila shimo la barabara nililihesabia dhambi zangu. Sikumbuki mji. Nakumbuka taa juu, na daktari yule yule wa kucha fupi. Aliinama akasema, “Mama, nilikungoja Jumatatu.” Bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Leo asubuhi alikuja kunieleza. Shimo lilikuwa limekaba kipande cha utumbo. Kilikuwa karibu kuwa cheusi. Walipanua shimo, wakakifunika kwa vitambaa vya maji moto, wakasimama kungoja, chumba kizima kimesimama, hadi rangi ikaanza kurudi. Ningechelewa kidogo wangekikata. Kisha wakavuta nyama, wakatandaza neti, wakashona. Kuna mrija unatoka ubavuni mwangu na chupa ya maji ya damu. Nikikohoa nakumbatia mto.

Nikamwuliza mlikuta nini ndani. Alidhani sijasikia, akaanza kueleza upya. Nikarudia. Mlikuta nini.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. “Matumbo tu, mama. Yako mwenyewe.”

Jumatano, 26 Machi

Hapa wodini kila mtu anakuuliza kama umejamba. Muuguzi wa asubuhi, wa jioni, mama wa kufagia. Jana nilijamba, wanawake wa vitanda vya jirani wakashangilia kana kwamba nimepita mtihani. Nilicheka, nikaumia, nikacheka tena.

Kisha wote wakalala mchana na mimi nikabaki. Tumbo limekuwa bapa. Naweka mkono juu ya bandeji. Hakuna anayesukuma. Nasimama nikishikiliwa na muuguzi, nasubiri kwa mazoea aamke. Hakuna. Nyumba iliyohamwa. Mara moja nilihisi teke, hakika kabisa, upande ule ule. Nikashika pumzi. Hapakuwa na kitu, ni uzi unavuta.

Mara ya pili nimetoka chumba kile cha upasuaji mikono mitupu. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumapili, 30 Machi

Kukhu alikuja baada ya ibada, kitambaa cheupe bado kichwani, na uji kwenye chupa ya chai. Alitoka nyumbani alfajiri. Alininywesha mwenyewe, na mimi mikono yangu ni mizima. Sikukataa.

Nilimwambia nisamehe, Mama. Nilisema nilijua tangu siku ile ya jikoni na nikakuacha uamini. Akaendelea kushika kikombe.

“Hata mimi nilijua,” akasema. “Si siku ya kwanza. Lakini ile siku ya majina, nilikuwa najua. Mimba nazijua mimi. Ile ilikuwa inaregearegea, haina mifupa.”

Nikamuuliza kwa nini basi aliita.

Alifunga chupa, akaifungua, akaifunga. “Yule mwingine tulimweka bila kumuita. Niliwaambia wenzangu tumuite hata kama hawezi kujibu, wakasema mutoto hakulia, usiite wafu bure. Nikanyamaza. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikaona tumbo lako inalialia, nikasema pengine ni yeye, anatafutanga jina.”

Halafu akaniambia nitakapotoka atanionyesha mahali. Mimi sikuuliza. Yeye ndiye aliyesema.

Jumatano, 23 Aprili

Nyumbani. Siinui chochote kizito kupita sahani, amri ya daktari, na Sheila ananisimamia kama polisi. Cherehani imerudishwa kutoka sokoni, imefunikwa shuka. Mkanda mpana unabana kiuno changu, unawasha. Kovu jipya limefuata njia ya la zamani, limenyooka, jembamba, kazi nzuri ya mshono. Jana Baba Sheila aliliangalia muda mrefu. Hakugeukia ukuta.

Asubuhi Kukhu aliniita. Nilidhani tutaelekea migombani, au kule kwenye ua, nimetembea huko mara nyingi mwaka juzi nikitazama chini. Hatukwenda mbali. Alibeba kigoda chake hadi nyuma ya jiko, chini ya paa, pale pasipo na jua, akakiweka palepale kinapokaa siku zote. Miguu ya kigoda imechimba vishimo vinne vidogo kwenye udongo. Kikaingia humo chenyewe.

“Hapa,” akasema. “Nilitaka awe karibu na moto.”

Miaka hii yote. Kila asubuhi, mvua na jua. Sisi tukicheka habari za uyoga.

Siwezi kuinama, kwa hiyo yeye ndiye aliyeinama. Akaweka kiganja kwenye udongo. Nikasubiri aanze na Osundwa, kisha Wangatia, kama kawaida, kumpa nafasi ya kukataa. Hakuanza. Aliinua macho kunitazama, na nikaelewa kwamba ananingoja mimi.

“Shiundu,” nikasema.

Jogoo alikuwa anawika kwa jirani. Kukhu aliinamisha sikio kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanishika mkono, akaniketisha polepole kwenye kigoda, akaniletea ungo wa mrenda nichambue. Nimechambua hadi saa za mchana. Kazi nyepesi, naruhusiwa.